Mkono Niliouficha Emali

Mwanangu, bado naikumbuka siku niliyompa Mzee Kioko mgongo. Bendi yetu ilikuwa ikifanya mazoezi nyuma ya duka la mbegu pale Emali. Ni mimi peke yangu niliyejua jazi, niliyoichota redioni kwa sikio, na kila nilipofika kwenye mikao migumu ya vidole niligeukia ukuta wasinione. Niliogopa kuibiwa. Usinicheke, wapiga gita wengi wa kwetu tulikuwa hivyo.

Lakini nilikuwa na siri nyingine. Wiki iliyofuata ningeenda Nairobi kujaribiwa na bendi ya hoteli moja, na kidole changu cha pete kilikuwa kimeanza kufa ganzi.

Mzee Kioko alikuwa fundi wa baiskeli na mpiga besi wetu. Wimbo ulipoisha, alichukua kigoda chake akaja kukaa kati yangu na ukuta.

"Hiyo mkono inakuuma," akasema.

"Umejuaje na hujauona?"

"Nasikia. Ukifika huko juu unachelewa kidogo. Hebu nione."

Nikamwonyesha shingo upande. Aliinama akauchunguza mkono wangu kama gurudumu lililopinda.

"Kidole gumba umekaza hivyo ya nini? Unashika gita ama unakaba mwizi? Legeza." Nilipolegeza, akasogea karibu zaidi. "Na hii mkao ulitoa wapi? Nifundishe."

Mtu wa umri wa baba yangu ananiomba nimfundishe! Niliona aibu mpaka masikio yakawaka. Tulikaa pale magoti yakigusana, yeye akiuliza, mimi nikiuliza, hadi mwenye duka akataka kufunga.

Siku ya kujaribiwa kidole kilikuwa bado kizito, ila kilifika kwa wakati. Wakanichukua. Jazi imenilisha tangu siku hiyo, na imenipeleka nchi ambazo sikuwa nimezisikia. Kote huko nimekaa nikiwatazama wenzangu na kuwauliza wanafanyaje. Juzi mjukuu wangu alinionyesha mkao aliouona kwenye simu, na sijalala vizuri tangu hapo, nautafuta.

Basi mwanangu, kazi yoyote utakayoshika, usiifanye ukiwa umegeukia ukuta. Onyesha unachojua, hata mahali unapokosea, na uulize bila haya. Mungu ailinde mikono yako, na siku utakapoificha, akuletee mtu mwenye kigoda chake.