Matanga ya Mapema

Pale Magongo, ukifiwa, mtu wa kwanza kuitwa ni Gladys, mchungaji hufuata. Sufuria kubwa za mtaa zinalala kwake, mikeka pia, na akimlilia marehemu, stendi nzima ya matatu inajua. Kazi hiyo aliionea fahari hadi walipomzika Ruth, binti wa jirani, aliyeuawa na mumewe. Wote walikuwa wakijua anapigwa. Siku ile Gladys alisonga sima kwa hasira. Umati wote huu ulikuwa wapi Ruth alipokuwa hai?

Basi Jumamosi moja, Lynnette wa nyumba ya pili alipokuja kuomba barafu ya kuweka jichoni, Gladys alimpa barafu, kisha akatoa mikeka.

Musyoka, mumewe Lynnette, dereva wa trela, alikuwa sebuleni akitazama mpira. Mara akina mama wakaingia, leso vichwani, wakatandika mpaka mlangoni.

"Kuna nini?"

"Matanga," Gladys akasema, akijaza kochi.

"Nani kafa?"

"Hajafa bado. Safari hii tumekuja mapema, marehemu naye anywe chai."

Akazima mpira. Nyamvula, mwimbishaji wa kanisa, akaanzisha wimbo wa maziko, na wenzake wakauitikia vizuri hata mpita njia akavua kofia. Mwingine akaleta sukari. Mzee wa mtaa alifika na koti lake la misiba, akamwona mke wake mwenyewe mkekani, akaketi nje bila kuuliza neno. Wakapika unga wa Musyoka. Kila aliyeingia alimshika mkono, akampa pole kwa kuondokewa na mke, na mke yuko pale pale anapuliza chai. Musyoka alitokwa jasho.

"Mama Gladys, nimekosa. Sasa mtaondoka lini?"

"Muulize marehemu."

Musyoka akamgeukia mkewe. Lynnette akatua kikombe chini, jicho limevimba, sauti imetulia.

"Hawa wakae. Wewe ndiye uende."

Musyoka akatazama huku na huku, asione wa kumtetea. Akachukua begi lake, akatoka akirukaruka miguu ya watu, na huko nje wakazidi kumpa pole.

Gladys, aliyelia kwenye misiba yote ya Magongo, alitaka kuanzisha wimbo mwingine. Badala yake alimkumbatia Lynnette, akalia kimya kimya.