Karama Zetu Mlangoni kwa Mama Anyesi

Enzi zetu, madogo, karama haikutafutwa kwenye simu. Nasema enzi zetu kwa kuwa niko kidato cha tatu, umri unaotosha kabisa kukisikitikia kizazi. Siku hizi dogo wa miaka minane analala kwenye kochi, anabonyeza maswali, simu inamwambia ana karama ya uongozi, mama yake anaweka status. Sisi karama tulizigombania kwa viwiko.

Shule yetu ya Jumapili ilikuwa koridoni, nyuma ya kanisa, pale Kariakoo, ukuta mmoja na muuza nguo mwenye kipaza sauti. Mwalimu Tumaini akifundisha upendo, upande wa pili mtu anapayuka, "Chagua, jero jero!" Tulikaa mkekani tukinuka mafuta ya nazi, vidole vyekundu kwa ubuyu hata tulipovikunja kuomba.

Siku ya somo la karama za Roho, kila mtu alitaka zile zenye kelele. Ima alichukua unabii, maana masika yakianza alitabiri mvua. Doroth alichukua kunena kwa lugha. Alinena lugha moja tu, na ilifanana mno na Kichaga cha bibi yake. Mimi nikabeba uponyaji, kwa kuwa nilimwombea kaka yangu mafua yaliyokuwa yanaisha. Karama ya kusaidia watu Mwalimu aliitaja mara tatu. Hakuna aliyenyoosha mkono.

"Karama si pambo," akasema. "Nendeni mkamhudumie mtu nayo."

Tukamchagua Mama Anyesi, mjane aliyetushonea sare za kwaya, mpangaji wa chumba kimoja kule bondeni, Jangwani. Mvua ilikuwa imenyesha tangu alfajiri. Tulipofika, maji yalishaingia kwake na yalikuwa yanakaribia magoti. Yeye kakumbatia cherehani yake, chuma kizito kilichowasomesha wanawe watatu, anataka kutoka nacho.

"Shikamoo Mama! Tumekuja kukuhudumia!"

"Marahaba wanangu, haya..."

Hakumaliza. Tulishashikana mikono, tumefumba macho, tumejipanga kwenye mlango. Mlango wenyewe ulikuwa mmoja.

Ima akaanza. Mama Anyesi ni mtu wa kanisani, hawezi kupita katikati ya watu wanaoomba. Akasimama na chuma chake kifuani, akisubiri.

"Amina," akasema kwa upole. Ima akaona kapata upako, akapandisha sauti.

"Amina, wanangu!" Mama akakazia. Doroth akaanza kunena.

"Amina, jamani, Amina!" Mama akasihi. Mimi nikayakemea maji kwa Kiingereza cha darasa la tatu.

Nyuma yetu akatokea Babu Kondo, muuza kahawa wa jirani, msuli kaukunja hadi mapajani, kichwani kabeba godoro la mtu.

"Nyie watoto, mnaomba au mmeziba njia?"

Kabla hatujajibu, ndani kikasikika kishindo majini. Mikono ya Mama Anyesi ilikuwa imechoka.

Babu Kondo alitusukuma pembeni kama mapazia, akapapasa kwenye tope, akaitoa cherehani ikichuruzika maji. Fundi wa Msimbazi aliifungua, akaisafisha, ikashona tena, ila kila mshono ulipinda. Wateja wakahama mmoja mmoja.

Jumapili iliyofuata mafuriko yale, Mchungaji akamwuliza Mama Anyesi mbele ya kanisa zima watoto walimhudumia vipi. Tukainamisha vichwa. Nilijua nikirudi nyumbani ni mkanda.

Mama Anyesi akatutazama kwa zamu. "Walikuja," akasema, akakaa.

Kanisa likapiga makofi. Mwaka ule sare za kwaya zilitoka na pindo lililopinda, tukazivaa hivyo hivyo, tukaimba.

Masika haya maji yameingia tena kwake. Akaandika kwenye kundi la vijana la kanisa, simuni: "Wanangu, nahitaji watu wawili wa kubeba kabati." Amina zikamiminika. Mikono ya kuombea, mioyo, "Mama, tuko nawe katika roho." Na mimi nilituma mikono, tena jozi tatu, nikiwa chini ya blanketi. Mikono yote ile, na kabati halikuinuka.

Enzi zetu tulikuwa wajinga, sikatai. Lakini mlango wa mtu tulienda kuuziba kwa miguu yetu wenyewe.