Memori Iliyopakwa Halud

Mhariri alitaka riwaya nzima kabla ya saa kumi alasiri, nayo kompyuta yangu kuukuu ilikuwa ikiganda kila nikifika sura ya mwisho. Nikaenda Makupa kununua memori mpya, kipande chembamba kama rula fupi, nikarudi nayo mbio Mji wa Kale.

Shangazi, ambaye naishi kwake, akaiokota mezani.

"Hiki nacho chafanya nini?"

Nikamwonyesha chipu ndogo kama chawa katikati ya kipande. Kompyuta ikiwashwa, nikamwambia, ubao mkuu ulio ndani yake huiuliza chipu hii: memori hii ina ukubwa gani, kasi gani, yataka umeme kiasi gani? Ikijibu, memori hupangiwa kazi kwa kadiri ya uwezo wake. Isipojibu, haipokelewi.

"Kumbe ni posa!" akasema Shangazi, ambaye ameozesha nusu ya mtaa. "Hicho kidude ndicho mshenga."

Mfano ulinipendeza hata nikauonea wivu. Nikaenda kutafuta bisibisi.

Niliporudi, nikaichomeka memori, nikawasha. Kioo kikabaki cheusi. Kompyuta ikapiga mbinja tatu, kali, kama kasuku aliyekanyagwa mkia. Nikazima, nikawasha tena. Mbinja zile zile. Saa kumi ilikuwa ikinijia nami nina riwaya iliyofungiwa ndani ya sanduku la bati. Nikaichomoa memori niikague, lakini pua ikayatangulia macho. Ilinukia harusi.

"Shangazi, umeipaka nini?"

"Halud. Yale mafuta mazuri ya harusi. Bwana harusi aingie ukweni na jasho la Makupa?"

"Hivi vimeno vya dhahabu vya ukingoni ndivyo mshenga asemeavyo! Umemziba mdomo kwa mafuta!"

"Basi mfute, usinipigie kelele na dirisha li wazi."

Nikasugua kwa ufutio wa penseli, nikapangusa kwa spiriti, nikaomba Mungu, nikachomeka. Kimya. Kisha kioo kikang'aa, na ubao ukaandika ukubwa wa memori na kasi yake, bila kukosea. Riwaya ikafunguka mpaka sura ya mwisho. Nikanyoosha kidole kutuma.

"Ngoja kwanza." Shangazi alikuwa ameshavuta kiti. "Yumo humo mwanamke anayeozesha watu?"

"Yumo."

"Yukoje?"

"Ni... mnene kidogo."

"Mkondeshe," akasema, mkono wake umeshika waya wa umeme.

Nikamkondesha, nikatuma.