Mzazi Aliyenitia Moyo

Katika miaka ile ya mamluki nilikuwa mkunga hospitalini Mutsamudu. Mzaliwa wa Tanga mimi, na Kinzuani, lugha ya kisiwa kile, kilinipiga chenga: sikio lilishika neno moja likakosa matatu. Wodi nzima Mkristo nilikuwa peke yangu, wala hakuna aliyenisumbua kwa hilo.

Siku moja, adhuhuri ikiadhiniwa, aliletwa mwanamke aliyejifunika shuka la shiromani, akishikiliwa na wifi yake. Mumewe, mchukuzi wa bandarini, alikuwa amekamatwa asubuhi na askari walioamrishwa na wale Wazungu wa kukodiwa. Alikopelekwa hakukujulikana. Uchungu ulimshika mkewe palepale mlangoni mwa nyumba yao.

Alikulia Unguja, kwa hiyo tulielewana.

"Dada, sina nguvu. Niache."

"Sikuachi. Nishike mkono, tutasukuma pamoja."

Mtoto alitoka kimya, wa kike, amegeuka rangi. Nikamfuta, nikamtoa ute kinywani, nikampulizia pumzi kidogo kidogo. Wapi! Nikapuliza tena. Juzi yake tu nilikuwa nimempoteza mtoto mwingine, na sasa mwili mzima uliniambia basi. Nikainua kichwa kutafuta kitambaa cha kumfunika.

Mama yake alikuwa akinitazama.

"Usiache, dada. Mimi niko hapa nawe."

Akaanza kusoma dua kwa sauti ya chini, bila haraka, nami nikajikuta napuliza kwa kufuata mwendo wake. Sijui tulikaa hivyo muda gani. Kisha kile kifua kidogo kikainuka chenyewe. Mtoto akapiga chafya, akalia. Nilisisimka mwili kana kwamba mtu mwingine ameingia chumbani.

Baadaye nilipanda ndege uwanja wa Ouani kwenda mji mkuu, Moroni, kufuata dawa. Huko nilimsimulia mchungaji mmoja mzee, Mmalagasi, kwa Kifaransa changu cha kuungaunga. Akafungua Agano Jipya lake la Kiyunani, waraka kwa Warumi, akaweka kidole juu ya neno refu. Asili yake sumparakaleo, ndivyo alivyolitamka.

"Ndani yake mna kuita," akasema, "kumwita mtu aje ubavuni pako. Na mwanzoni pana 'pamoja'. Mtume angeweza kuwaambia Warumi nakuja kuwatia moyo, akanyamaza. Lakini alisema tutiane moyo, mimi nanyi."

"Yule mama ni Mwislamu, mchungaji."

Akafikiri. "Mtume alikuwa akiwaandikia Wakristo wenzake, hilo siwezi kulipindisha. Lakini ulichokiona, umekiona."

Miaka yote ya ukunga nilijua mimi ndiye wa kutoa na mzazi ndiye wa kupokea. Kumbe mwanamke aliyelowa jasho na damu, asiyejua kama bado ana mume, ndiye aliyeniita ubavuni pake nilipokuwa nakata tamaa.

Mumewe aliachiliwa baada ya wiki kadhaa, amekonda, sikio moja halisikii tena. Nilipowatembelea, katika vichochoro vya mji wa kale, nilimweleza mkewe habari za lile neno. Akajaribu kulitamka, likamshinda, akacheka mpaka akajishika mbavu.

"Basi siku ile nani alimtia moyo nani?" akauliza.

"Sijui, dada."

"Hata mimi sijui," akasema. Akanipakatisha mtoto, akaenda jikoni kutazama wali.