Sisi wa Kule

"Mama Joanitha, mashine yako inalia vibaya!" Kijana wa jirani yangu hapa Buganguzi, anayesomea uhandisi wa mitambo Uturuki, alirudi likizo na lalamiko hilo mdomoni hata kabla ya shikamoo. "Inakudai kwaheri," nikamjibu. Safari iliyopita aliondoka bila kupita kwangu kutafuna punje za kahawa za kuagana, na kwetu anayeondoka hivyo ametoroka.

Likizo nzima alishinda kwenye mashine yangu ya kusaga. Huigusa kwa mgongo wa kiganja, kama mama anayepima homa ya mtoto, kisha huinamisha sikio na kufumba macho. Kila sentensi yake ina "sisi": sisi tunafunga hivi, sisi hatutumii mkanda. "Sisi nani?" nikamuuliza. "Wa kule." Mama yake, aliyekuja na mahindi, akainamisha kichwa.

Asubuhi ya kuondoka alipita, begi mgongoni. Alipokea kahawa kwa mikono miwili, akatafuna taratibu, kisha akakinga tena kiganja. "Niongezee za njiani, mama. Wenzangu kule hawaamini kwamba sisi tunaitafuna."

Nikamjazia mfuko wa shati. Deni la kwaheri nikalifuta.