Dakika Kumi na Tano za Mzee Ambindwile

Nina hasira na watu nisiowajua. Sijui wanakaa wapi wala wanafananaje, lakini ndio waliotengeneza jukwaa la mtandaoni liitwalo Baraza la Mfugaji, na ndio walioamua kwamba mtu mwenye akili timamu hawezi kuzidisha dakika kumi na tano akiandika jambo moja. Ningewapata, ningewaketisha kwenye benchi la steshenari yangu hapa Makandana wamtazame Mzee Ambindwile akiandika.

Mzee Ambindwile alikuwa bwana mifugo wa serikali kwa miaka thelathini na mmoja. Vijiji vya Nkunga amevimaliza kwa miguu, na mpaka leo wapo akina mama kule wanaomkumbuka kwa ndama aliowazalishia. Alipostaafu akajenga mtaa wa Msasani, hapa hapa mjini kwetu. Simu yake ni kitochi, kwa hiyo akitaka mtandao anakuja kwangu, anaweka kofia juu ya mashine ya fotokopi, anakaa kwenye kompyuta ya dirishani na kuanza kujibu maswali ya wafugaji wa nchi nzima. Halipwi na mtu, na mimi simtozi. Anachapa kwa vidole viwili, kama alivyozoea kwenye taipureta ya ofisini, na hakosei herufi.

Shida ni kwamba hawezi kuanza na ng'ombe. Kwetu huku mtu haingii nyumbani kwa mtu akauliza ng'ombe kabla hajauliza watu. Mmeamkaje, watoto hawajambo, mvua kwenu inasemaje, yule mgonjwa anaendeleaje. Mzee anayaandika yote hayo, tena kwa kituo, kana kwamba aliyeuliza ameketi mbele yake na sahani ya ndizi. Akifika kwenye dawa anabonyeza "Tuma", na mashine inamjibu: Muda wako umekwisha, tafadhali ingia tena. Anaingia tena. Anakuta kisanduku cheupe. Salamu hazipo, dawa haipo, hakuna kitu.

Ungedhani alikuwa amesinzia! Mtu anachapa, jasho linamtoka, na wao huko wanamhesabu kuwa ameondoka. Nilimfundisha aandike pembeni kwanza, halafu anakili na kubandika. Likatoka tangazo jekundu: kwa usalama wa wanachama, kubandika maandishi hakuruhusiwi. Usalama gani, na wa nani? Jukwaa la kuulizana minyoo ya mbuzi linalindwa kama hazina ya taifa! Nimewaandikia malalamiko mara tatu. Wamenijibu mara moja, kwamba wanathamini maoni yangu.

Sasa sikiliza walichomfanyia mwezi wa tatu. Ilikuwa Jumanne asubuhi, mvua inanyesha kama kawaida yake. Mzee alifungua jukwaa akakuta swali la mama mmoja wa Ludewa aliyejiita Mama Meshaki. Akanisomea kwa sauti.

"Baba Meshaki nimemzika Jumamosi. Ng'ombe aliyetuachia ni mmoja tu, na ana mimba. Leo kala majani mabichi ya viazi, na sasa ubavu wa kushoto umejaa kama ngoma, anahema kwa shida. Bwana mifugo wetu hapatikani. Naomba msaada haraka."

"Ee Kyala, Mungu wangu," alisema Mzee. "Hiyo ni gesi. Asiposaidiwa, mchana haumkuti."

Majibu yalikwishafika matatu. Mmoja alimwambia ampe maji ya sabuni ya unga. Wa pili alikuwa anauza pumba. Wa tatu, aliyejiita Daktari, aliandika kwa herufi kubwa: CHUKUA KISU TOBOA UBAVU. Mzee alipofika hapo akapiga meza kwa kiganja.

"Toboa wapi? Kwa kipimo gani? Atamuua na ndama tumboni!"

Akavuta kibodi. Nilikuwa natoa kopi za mitihani ya shule, kwa hiyo sikumchungulia mapema. Nilipogeuka, alikuwa amejaza kisanduku kizima na bado hajafika kwenye ng'ombe. Alikuwa anampa pole. Alimwambia hamjui baba Meshaki, lakini mwanamume anayeiachia familia yake ng'ombe mwenye mimba ni mwanamume aliyeifikiria kesho. Alimuuliza watoto ni wangapi na nani yupo naye nyumbani siku hizi za matanga. Yalikuwa maneno mazuri, nami nilisimama na karatasi mkononi nikiyasoma. Kisha akaandika dawa, akabonyeza.

Muda wako umekwisha.

Nilitukana, nakiri, na mbele ya mwalimu aliyekuwa anasubiri kopi zake. Mzee alivuta tena kibodi. Aliingiza upya nywila yake ndefu, akaanza tena: Mama Meshaki, pole sana. Alijitahidi kwenda mbio, lakini vidole viwili vya mtu wa miaka sabini na mbili mbio zake zinajulikana. Nilimwambia anipishe nichape mimi.

"Hapana, mwanangu. Mtu akifiwa unampa pole mwenyewe, hutumi karani."

Akabonyeza. Muda wako umekwisha.

Tulipoingia mara ya tatu, Mama Meshaki alikuwa ameandika tena: "Amelala chini. Jirani ameenda kuchukua kisu."

"Mzee," nikamwambia, "acha pole. Andika dawa."

Alinitazama kama nimemwambia avue nguo barabarani. Halafu akaigeukia kompyuta, akachapa hivi, bila salamu, bila jina:

"Usichome kisu. Mwinueni sasa hivi, miguu ya mbele ikae sehemu ya juu. Mnyweshe mafuta ya kula nusu lita kwa chupa, pembeni ya mdomo, polepole. Mfunge kijiti mdomoni atafune ili abeue. Majani mengine asipewe leo."

Yalikwenda. Hata dakika tatu hazikuisha.

Tukasubiri. Wateja waliingia wakatoka, na kila aliyeingia nilimsimulia, kiasi kwamba saa sita watu watano walikuwa wamejibanza nyuma ya kiti cha Mzee. Saa saba kasoro likaja jibu: "Amebeua sana. Amesimama, amekunywa maji. Asante baba, Mungu akubariki." Tulipiga makofi mpaka muuza viatu wa jirani akaja kuuliza kuna nini.

Mzee hakupiga makofi. Alichukua kofia yake.

"Nimezungumza na mjane habari za mafuta ya kula," alisema. "Hata pole sikumpa. Wazazi wangu wangenionaje?"

Kesho yake nilimkuta mlangoni kabla sijafungua duka. Alikuwa na karatasi ya daftari aliyoandika nyumbani, pande zote mbili, na alikuwa amevaa koti, kama mtu anayekwenda msibani kweli. Niliwasha kompyuta, nikashika saa yangu mkononi. Alichapa akitazama karatasi, hakusimama hata kupangusa miwani. Dakika ya kumi na moja akaweka nukta ya mwisho. Nilifurahi kama mtoto. Akabonyeza "Tuma".

Mada hii imefungwa. Tatizo limetatuliwa.

Nikahangaika kutafuta njia nyingine. Ujumbe wa faragha, wanasema, ni kwa wanachama waliochangia mara hamsini. Mzee wamemhesabia kumi na tisa. Yale yote waliyomfutia wenyewe hayamo kwenye hesabu! Namba ya simu ya Mama Meshaki haionekani, jina lake halisi halionekani. Niligonga meza, nikasema maneno ambayo siyaandiki hapa.

Mzee aliikunja karatasi yake mara mbili, akaisoma tena ile sentensi kwenye kioo.

"Lightness, mwanangu. Wanasema limetatuliwa."

"Ndiyo, Mzee."

"Aliyepona ni ng'ombe," alisema. "Huyu mama, nani amempa pole?"

Nikapanda juu kabisa ya ukurasa, nikaanza kusoma majibu yote moja baada ya jingine. Yalikuwa kumi na saba. Kulikuwa na sabuni, pumba, kisu, na mafuta ya Mzee, na watu wakibishana nani alikuwa sahihi. Pole haikuwemo hata moja.