Mke wa Inspekta: Safari ya Nizwa, Ibra na Sur

Sababu ya safari hii ni kitabu ambacho shemeji yangu Suleiman hakuwahi kukimaliza. Suleiman alikuwa mume wa dada yangu mkubwa, Salma, na kwa miaka mingi, kila baada ya chakula cha usiku nyumbani kwao Sur, alimsomea riwaya za upelelezi za Kijerumani, nyingi za inspekta yuleyule. Salma hajui Kijerumani, kwa hiyo macho ya Suleiman yalipita kwenye Kijerumani na mdomo wake ukatoa Kiswahili. Mauti yalimkuta ghafla Nizwa, alikokwenda kumtembelea rafiki yake, na kitabu kikabaki huko, habari ikiwa katikati. Dada akakaa eda. Eda ilipokaribia kwisha, binti yake Rahma akanipigia simu.

"Mjomba, mama hali kitu. Chai tu. Halafu anauliza nani ameua yule daktari wa ng'ombe. Anasema hatoki eda na ile maiti bado iko ghalani. Mimi nimwambie nini?"

Niseme wazi, kwa ninyi wasomaji mlioko Unguja na Pemba msionijua: mtu wa kazi hii nilikuwa mimi. Niliondoka Wete na sanduku moja, nikafika Ujerumani bila kujua hata kuomba maji, nikatoka huko na diploma ya ufundi wa mashine za kupoza. Kisha nikarudi Oman, nchi ya babu zangu, nikafungua karakana ya mlango mmoja. Leo nina mafundi na magari yenye jina langu ubavuni. Diploma imetundikwa sebuleni, na wageni huisoma kabla ya kahawa kuletwa. Nimefasiri maelekezo ya mashine yaliyowashinda wahandisi, na sikuruka neno hata moja.

"Mwambie ninakuja," nikasema.

Asubuhi nilitoka Maskati kwa njia ya bara na kufika Nizwa kabla jua halijakaza. Nassor, rafiki wa Suleiman tangu walipokuwa wanafunzi Ujerumani, alinipokea kwa tende na kahawa. Ukuta mzima wa chumba chake cha wageni ni vitabu vya upelelezi. Wawili hao walikuwa wakiagiza vilivyotumika, na kila mmoja akimaliza humpa mwenzake.

Nilimwuliza walichokipenda humo. Akasema vile vya zamani, vya Wajerumani na vya Waswisi na Waaustria, mpelelezi wake hana haraka. Anakaa mkahawani, anaagiza supu, anasikiliza, mpaka kijiji kizima kinaanza kuona haya. Vya siku hizi kila kimji kina inspekta wake, lafudhi yake na soseji zake, na mara nyingi uovu unaofukuliwa ulifanywa na babu, wakati wa vita, na wajukuu wamejengea juu yake.

"Sisi tunaojua watu wasiyoyasema barazani, tutaachaje kuvipenda?" akasema.

Kisha akatoa kitabu chenyewe. Pembe ya ukurasa ilikuwa imekunjwa. "Aliikunja mwenyewe, pale ulipokaa," akasema, akakishika kidogo kabla ya kunipa. "Lakini wewe, Seif, Mjerumani wa mafriji, utaweza kumsomea mwanamke habari za maiti?"

"Kijerumani ni kimoja, sheikh."

"Haya. Friji likikataa, unipigie simu."

Kutoka Nizwa nilishika njia ya Izki na Sinaw. Ibra niliingia adhuhuri, nikasali, nikala wali na samaki wa kukaanga, kisha nikakaa garini na kiyoyozi, nikafungua kurasa chache ili nijiweke sawa. Hapo niligundua kwamba kumbe kuna maneno yasiyo kwenye mashine. Sehemu za zizi la milimani, aina za majani makavu, majina ya mikate. Simu yangu ilifanya kazi ya kamusi mpaka ikapata moto. Nilimaliza ukurasa, nikaurudia kwa sauti kwa Kiswahili, nikauona mzuri. Mbele zaidi sikusoma. Nilitaka na mimi nishangae.

Baada ya Bidiya mchanga unaanza kusogelea barabara. Al Kamil nilisimama kutia mafuta na kumnunulia dada tikiti maji kwa wauzaji wa kando ya njia. Muuzaji aliniuliza ninakwenda wapi, nikamwambia ninakwenda kumaliza kesi ya mauaji. Akaniongezea tikiti la pili bila kuuliza zaidi.

Sur nilifika wakati wa alasiri. Rahma alinifungulia mlango, bado na sare yake ya kazini. Dada alikuwa chumbani kwake, kwenye godoro la chini, amekonda mpaka bangili zimempanda kwenye kiwiko.

"Shikamoo, dada."

"Marahaba, Seif. Umenenepa. Kitabu kiko wapi?"

"Kula kwanza kipande cha tikiti."

"Mtu amelala kwenye majani na uma wa shamba mgongoni, wewe unanambia tikiti. Soma."

Nikakaa, nikasoma. Nilisoma kama ninavyofanya kazi zangu zote, sawasawa na ilivyoandikwa. Inspekta anatoka mkahawani kwa mama mmoja ambaye dada alimwita Bi Moza. Kwenye kitabu ana jina refu la Kijerumani, lakini Suleiman alikuwa ameshampa uraia. Anamhoji mfamasia. Anapanda gari moshi. Dada alikuwa amefumba macho, kidole kinagonga goti.

Nikafika mahali inspekta anaingia nyumbani kwake. Anawasha taa mwenyewe. Anatoa vikombe viwili, anaviangalia, anarudisha kimoja kabatini. Anachemsha yai na kulila amesimama.

Kidole cha dada kikasimama. "Gerda yuko wapi?"

"Gerda nani?"

"Mkewe. Mke wa inspekta. Akirudi humfungulia mlango, humpa kahawa, humwuliza habari za kesi. Soma vizuri, usiruke."

"Dada, mimi siruki." Nikatazama chini ya ukurasa. Gerda alikuwepo, kwenye picha juu ya kabati, na utepe mweusi pembeni. Inspekta ni mgane. Tena ilionekana ni mgane tangu zamani, kabla ya kitabu hiki.

Nilijua wazi nimeshika nini mkononi. Nikiwa mkweli kwa kitabu, ninamwua mtu mwingine katika nyumba ambayo imetoka kuzika. Nikisema Gerda yumo jikoni, basi neno lolote nitakalosema baadaye dada hatajua kama ni la kitabu au langu.

"Seif. Yuko wapi?"

"Alishafariki, dada. Inaonekana tangu kitabu cha kwanza."

Rahma aliyekuwa mlangoni akanitolea macho, kama kwamba nimevunja sahani. Dada alivuta kanga yake, akaishika mdomoni, na mabega yakaanza kutikisika. Nikasogea nimshike. Kumbe anacheka.

"Mwanamume yule," akasema alipopata pumzi. "Mwanamume yule. Mimi usiku namwambia Suleiman, mwangalie mtu wa posta, viatu vyake mbona vikavu? Kesho yake, akisoma, Gerda anamwambia inspekta, mtu wa posta mbona viatu vikavu? Nikawa najisemea, huyu mwanamke wa Kijerumani ana akili kama mimi."

"Kwa hiyo mama ndiye Gerda?" Rahma akauliza.

"Miaka yote, mwanangu. Nakamata wauaji, sina habari."

Akacheka tena, na safari hii machozi yalitoka, akayaacha yashuke. Nikamwuliza nimrudishe Gerda, nisome kama Suleiman alivyokuwa akisoma. Nilikuwa tayari, na si kwa kujisifu, ningeweza.

Akafikiri. "Hapana. Soma kama ilivyo. Nataka nimwone huyo bwana anakaa vipi peke yake." Kisha akasema taratibu, "Vikombe viwili, eh? Na mimi jana niliviweka viwili."

Nikaendelea. Kila inspekta alipofika nyumbani, dada alinisimamisha na kuniuliza. Nguo anafua nani? Kitandani analala upande gani? Nikamsomea yote, hata yale ambayo mwenye haraka ya kumjua muuaji angeyapita.

"Na chakula bado anakula kasimama?"

"Bado."

"Si vizuri." Akamgeukia Rahma. "Lete mkate, mama. Na hilo tikiti la mjomba wako. Mimi nitakula nimekaa."

Muuaji alikuwa mfamasia. "Nilimwambia Suleiman tangu mwanzo," dada akasema, "akabisha." Akafuta vidole, akakichukua kitabu, akaunyoosha ukurasa uliokunjwa kwa kiganja, mara nyingi, lakini alama haikutoka.

Asubuhi nilirudi kwa njia ya pwani, bahari kulia na milima kushoto. Nilikuwa nimekwenda nikidhani Salma anahitaji mtu wa kumwambia nani ameua, na nilikuwa na diploma ya kutosha kwa kazi hiyo. Nilichojifunza ni kwamba msomaji humtazama yule anayemsomea. Suleiman alimtazama mkewe kila usiku, akajua cha kumpa. Mimi nilimtazama mara moja, na mara hiyo alichohitaji ni kitabu kilivyo.

Karibu na Qurayyat simu ikalia. Alikuwa Rahma, na sauti ya mama yake ikamzidi kutoka nyuma.

"Mwulize, hicho kitabu cha kwanza kinaanzaje?"

Nilikuwa nimekitazama kwenye rafu yao kabla ya kuondoka. "Kinaanza makaburini," nikasema. "Inspekta anamzika mkewe, mvua inanyesha."

Dada akachukua simu mwenyewe.

"Ijumaa njoo unisomee hicho. Nimekaa na Gerda miaka yote hii, Seif, na mazikoni kwake sikwenda."